Kuyeyuka Si Kumumunyika: Kiswahili Mbele ya Kemia ya Mabua

Katika makongamano yetu, swali kwamba je, Kiswahili kinaweza kumudu sayansi, limeulizwa mara nyingi hadi limeota kutu. Jawabu nalo hutolewa kwa namna ileile: kwamba uwezo kipo, kwamba lugha zote ni sawa, kwamba kinachokosekana ni istilahi na nia ya wanasiasa. Kisha orodha ya istilahi husomwa, makofi hupigwa, na wajumbe huelekea kwenye chai. Makala haya yananuia kulitazama suala hilo kutoka upande mwingine. Nadai kwamba upungufu wetu mkubwa si wa maneno bali ni wa sentensi. Tumeunda istilahi nyingi ambazo hazijawahi kutiwa katika aya moja ya maelezo, mtu akaisoma akaelewa. Na kazi ya kuiandika aya hiyo ni yetu sisi wa fasihi na isimu kama ilivyo ya wanasayansi. Ili nisionekane kuhukumu kwa maneno matupu, nitachukua mada moja ya kemia ya siku hizi na kuijaribu papa hapa mbele ya msomaji.

Mada yenyewe ni matumizi ya viowevu vya ioni katika kuvunjavunja mimea. Niliipata kwa mwenzangu wa Idara ya Kemia aliyetaka kujua viowevu hivyo huitwaje kwa Kiswahili. Nilimjibu pale pale, kwa kuwa jina si gumu kuliunda: kiowevu tunacho, ioni tunayo (wengine huandika ayoni, na ugomvi huo tuuache kwa leo), na a-unganifu haikosekani. Akasema, "Haya, jina nimelipata. Sasa niambie kitu chenyewe." Swali lake lilikuwa la haki, na ninashuku kwamba wengi wetu tulioko katika idara za Kiswahili tungelikwepa.

Tuanze na hindi. Punje ya hindi na bua lililoibeba zimejengwa kwa sukari moja, yaani glukosi. Punje ina wanga, na wanga ni mnyororo wa glukosi. Bua lina selulosi, nayo selulosi ni mnyororo wa glukosi vilevile. Tofauti iko kwenye kiungo. Katika wanga, glukosi zimeungana kwa namna inayoufanya mnyororo ujipinde na kujizungusha kama springi, na vimeng'enya vya mate na vya utumbo wetu huweza kuukata. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake, mnyororo ukanyooka kama uzi uliovutwa, na mwanadamu hana kimeng'enya cha kuukata. Ndiyo maana sisi hula ugali tukamwachia ng'ombe bua, naye hata yeye haliwezi peke yake bali hutegemea vijidudu vinavyoishi tumboni mwake. Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi mwaka 1838, na tangu hapo wanakemia wamejua kwamba shamba lililovunwa bado limejaa sukari iliyofungiwa.

Imefungiwa vipi? Nyuzi hizo zilizonyooka hulala sambamba, na kila uzi una vikundi vingi vya oksijeni na hidrojeni vinavyoshikana na vile vya uzi jirani. Mshiko mmoja ni dhaifu, lakini mishiko ni maelfu kwa maelfu. Msokota kamba yeyote anaielewa hali hiyo: unyuzi mmoja wa usumba utaukata kwa vidole, ila ukisokotwa pamoja na wenzake utashika jahazi dhidi ya mkondo. Selulosi imefumwa pamoja na hemiselulosi, na zote mbili zimezingirwa na lignini, ambayo huupa mti ugumu wake. Katika mbao, selulosi hukaribia nusu ya uzito mkavu, na lignini huwa baina ya asilimia 20 na 30 hivi. Anayetaka sukari ili aichachushe ipate kuwa ethanoli, au anayetaka selulosi safi ya karatasi na nguo, hana budi kwanza kuibomoa ngome hiyo.

Viwanda vya karatasi huibomoa kwa kuchemsha vipande vya mbao ndani ya kostiki soda na salfidi ya sodiamu, kwenye joto la nyuzi 170 hivi za Selsiasi. Aliyepita Webuye kabla kiwanda cha karatasi hakijafungwa mwaka 2009 hahitaji kuelezwa harufu ya salfa ikoje.

Njia nyingine ni ya kale na ya taratibu, nayo imo tayari katika lugha yetu. Huko Unguja na kwingineko pwani, wanawake hufukia makumbi ya nazi ufuoni, mahali yanapofikiwa na maji kujaa na kupwa, wakayaacha kwa miezi. Viumbe visivyoonekana kwa macho hula ule utomvu unaozishikilia nyuzi, na nyuzi zenyewe hubaki. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa, huoshwa na kuchambuliwa, ukapatikana usumba wa kusokotea kamba. Hebu msomaji avitazame vitenzi hivyo: kufukia, kufukua, kuponda, kuchambua, kusokota. Hivyo ni vitenzi vya uvunjaji wa mimea, na havikuundwa na kamati yoyote.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana kiowevu cha ioni ni chumvi, na hili ndilo jambo ambalo jina lake halimwambii msomaji. Chumvi yoyote ni mkusanyiko wa chembe zenye chaji, yaani ioni, nyingine chanya na nyingine hasi. Katika chumvi ya mezani, ioni za sodiamu na za kloridi ni ndogo na za mviringo, hivyo hupangana kwa ukamilifu kama matofali ukutani. Ndiyo sababu chumvi hiyo haiyeyuki hadi ifikishwe nyuzi 801. Je, ukiiondoa sodiamu na kuweka mahali pake ioni kubwa yenye umbo la kombo na mkia upande mmoja? Utakuwa kama mtu anayetaka kujenga ukuta kwa kuni za matawi yaliyopinda. Hazipangiki. Chumvi ya namna hiyo hushindwa kuganda barabara, ikawa kiowevu kwenye joto la kawaida au kwenye joto lisilofikia lile la maji yanayochemka. Kwa desturi ya wanakemia, chumvi inayoyeyuka chini ya nyuzi 100 ndiyo huitwa kiowevu cha ioni. Paul Walden, mwanakemia mzaliwa wa Latvia, alieleza moja mwaka 1914 ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 12 hivi. Ingemiminwa ndani ya bilauri hapa kwetu ingebaki ikitikisika kama mafuta ya taa. Ieleweke kwamba hatuzungumzii maji ya chumvi. Ndani ya bilauri hiyo hamna maji. Mna chumvi tupu.

Na hapa ndipo sentensi ya Kiswahili inapojikwaa. Kitenzi tulichokizoea ni kuyeyuka. Barafu huyeyuka, siagi huyeyuka kikaangoni, sukari huyeyuka ndani ya chai, na mdeni huyeyuka siku ya kulipa. Maandishi yetu mengi hukitumia kitenzi hicho kwa hali mbili ambazo mwanakemia hazichanganyi kamwe: hali ya kitu kigumu kuwa kiowevu kwa sababu ya joto, na hali ya kitu kupotelea ndani ya kiowevu kingine. Katika mada nyingi mkanganyiko huo hauleti madhara makubwa. Katika mada hii unavuruga kila kitu. Jaribu kuandika, "Chumvi iliyoyeyuka huyeyusha bua." Msomaji atadhani bua limepashwa moto likalegea kama mshumaa, ilhali bua haliyeyuki abadani, ukilipasha moto litaungua.

Lugha ina kitenzi kingine. Mtoto akipewa peremende huimumunya: haitafuni, haichomi, huiacha ndani ya mate ikapungua kidogo kidogo hadi ikaisha. Hicho ndicho kinachoipata selulosi ndani ya kiowevu cha ioni. Waliotutangulia walilijua hilo, ndiyo maana maneno kama mmumunyo na kimumunyishi yamekuwamo katika Kiswahili cha sayansi kwa muda mrefu. Lakini yamekaa kamusini kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri mgeni asiyefika. Ushauri wangu ni kwamba tuvitenge vitenzi hivi viwili bila ya kuona haya: kuyeyuka kuwe kwa joto, kumumunyika kuwe kwa kimumunyishi. Tukifanya hivyo tunaweza kuandika kwamba chumvi iliyoyeyuka humumunyisha selulosi ya bua, na sentensi hiyo ikabeba mzigo wake wote bila mabano wala tanbihi.

Yuko atakayesema, kwa nini basi tusiite "chumvi oevu" tukamalizana? Nimelipima jina hilo. Tatizo ni kwamba tunapozungumzia ardhi oevu tunamaanisha ardhi iliyoloa, na chumvi oevu itamkumbusha kila mpishi ile chumvi inayoshikamana koponi wakati wa masika. Nabaki na viowevu vya ioni kama istilahi, kwa sharti kwamba sentensi ya kwanza ya maelezo itamke waziwazi kuwa hiyo ni chumvi.

Wazo la kuzitumia chumvi hizi kwa mimea si geni. Charles Graenacher alipata hataza nchini Marekani mwaka 1934 ya kumumunyisha selulosi katika chumvi za jamii hiyo, wakati ambapo hapakuwa na mengi ya kufanya nazo. Hataza ikalala. Iliamshwa mwaka 2002, Richard Swatloski, Robin Rogers na wenzao wa Chuo Kikuu cha Alabama walipoonyesha kwamba kloridi moja ya jamii ya imidazoliamu huweza kumumunyisha selulosi hadi asilimia 10 ya uzito kwenye nyuzi 100, na hadi asilimia 25 ikipashwa moto kwa maikrowevu.

Kinachotendeka ndani yake ni kisa ambacho mwanafasihi hakosi kukifurahia. Nilitangulia kusema kwamba nyuzi za selulosi hushikana kwa hidrojeni. Ioni hasi ya kloridi au ya asetati huivuta hidrojeni kwa nguvu kuliko inavyovutwa na jirani yake wa siku zote. Huingia baina ya nyuzi mbili zilizokaa pamoja tangu mmea uote, ikamvuta huyu, ikamvuta yule, hadi kila mmoja amemwachilia mwenzake akashikamana na mgeni. Fitina ya mtaani haifanyi kazi kwa njia nyingine. (Mwanakemia atanikumbusha kwamba ioni haina nia. Kweli, lakini hata wao husema kwamba elementi fulani "inapenda" maji.) Nyuzi zikishaachana hutawanyika kiowevuni. Kisha maji humwagwa, na ioni, ambazo huyapenda maji zaidi, huiachilia selulosi. Selulosi hurudi ikiwa uji mweupe, ila haijipangi tena kwa ule ukaidi wa mwanzo. Vimeng'enya vilivyokuwa vikigonga mlango bila kufunguliwa sasa hupenya na kuikata ikawa sukari.

Hiyo ni njia moja. Huko California, Taasisi ya Pamoja ya Nishati ya Viumbe iliyoanzishwa mwaka 2007 ilifanyia kazi nyasi na mabua kwa asetati ya jamii hiyo, na baadaye ikaunda viowevu kutokana na kolini na asidi za amino, ambavyo havina ukali wa vile vya mwanzo. Mwaka 2014 watafiti wa huko walionyesha kwamba viowevu vingine vinaweza kutengenezwa kutokana na lignini na hemiselulosi zenyewe, yaani mmea ukatoa chumvi ya kuuvunjia mmea mwenzake. Katika Chuo cha Imperial, London, walichukua mkondo mwingine kabisa. Kiowevu chao, kinachotokana na asidi ya salfuriki na amini ya bei nafuu, hakiigusi selulosi. Humumunyisha lignini na hemiselulosi, selulosi ikabaki kama mashapo. Tena hicho hustahimili maji, jambo ambalo ndugu zake wa Alabama hawaliwezi. Huko Ufini, Chuo Kikuu cha Aalto kimesokota nyuzi za nguo kutoka selulosi ya mbao, na Desemba 2018 mke wa rais wa nchi hiyo wakati huo, Jenni Haukio, alihudhuria sherehe ya uhuru akiwa amevalia gauni lililotokana na mti wa betula. Nguo iliyofumwa kwa mti! Babu zetu waliovaa magome wasingeshangaa sana.

Naomba sasa nirudi kwenye maneno, maana kuna moja linalonikera. Katika hotuba na nyaraka za Tanzania kuhusu nishati limeenea neno tungamotaka, kwa maana ya mabaki ya mimea na wanyama yanayoweza kutoa nishati. Ni neno lililoundwa kwa ustadi na lina mdundo mzuri. Lakini lina "taka" ndani yake, na taka ni hukumu. Anayetamka tungamotaka amekwisha kuamua kwamba kitu hicho hakina mwenyewe. Nenda Vihiga au Kisii useme kwamba bua la hindi ni taka. Bua hilo lina wadai wanne kabla halijakauka: ng'ombe, jiko, ua, na shamba lenyewe linalohitaji mboji. Makumbi ni kamba, kifuu ni upawa na kata, wishwa ni chakula cha kuku, na magunzi huwasha moto asubuhi ambayo kuni zimelowa. Kiswahili cha mkulima hakina neno moja kwa vitu hivi vyote kwa sababu mkulima havitumii kwa njia moja.

Tena, na hili ndilo lililonishangaza nilipokuwa nikisoma juu ya mada hii, mwanakemia naye havitumii kwa njia moja. Usumba una lignini nyingi mno, zaidi ya ile ya mbao. Gugumaji, lile linaloziba ghuba za Ziwa Viktoria, lina lignini kidogo. Magunzi yana hemiselulosi kwa wingi. Kiowevu kinachofaa kwa moja si lazima kifae kwa jingine, na joto na muda vilevile. Kwa hiyo yale majina mengi ya mkulima, ambayo sisi wasomi tungeyapuuza kama msamiati wa jikoni, yana usahihi kuliko istilahi moja kuu iliyoundwa ofisini. Mahali panapohitaji jina la jumla nitaandika biomasi, neno la kukopa lisilomtukana mtu. Mahali pengine pote nitaita bua bua.

Msomaji ataniuliza, haya yote yana maana gani kwa mtu asiyefanya kazi maabarani? Yana maana ya pesa. Chukua makapi ya miwa. Kwa miaka na miaka yamekuwa yakichomwa kwenye matanuri ya viwanda vya sukari, na mwaka 2009 Mumias ilizindua mtambo wa megawati 35 wa kuzalisha umeme kwa makapi hayo, miaka kumi kabla kampuni haijawekwa chini ya mrasimu. Mkulima alikuwa akilipwa kwa uzito wa muwa aliopeleka. Molasi, makapi na umeme havikuwamo kwenye hesabu yake, na kwa miaka mingi wakulima wa magharibi mwa Kenya wamelalamika kwamba mazao hayo ya ziada nayo yanafaa kuhesabiwa. Mgogoro huo ulizuka juu ya kitu ambacho kazi yake ilikuwa kuchomwa tu. Itakuwaje siku makapi hayohayo yatakapoweza kutoa nguo, plastiki na mafuta ya gari? Atakuja mnunuzi na mkataba. Mkataba utakuwa kwa Kiingereza, utataja malighafi kwa jina ambalo mkulima hajawahi kulisikia, na mkalimani atakayeitwa atakuwa mmoja wetu, mhitimu wa Kiswahili, aliyefundishwa kuchambua jazanda lakini hajawahi kuandika aya moja kuhusu selulosi. Akisema "tungamotaka", bei itakuwa imeshuka kabla ya majadiliano kuanza.

Sikusudii kuwatangazia wasomaji dawa ya miujiza. Viowevu vya ioni vya mwanzo vilikuwa ghali mno, na ingawa watafiti wa Imperial walikadiria mwaka 2014 kwamba kiowevu chao kingeweza kutengenezwa kwa takriban dola 1.24 kwa kilo, bado kiwanda hakina budi kukirejesha karibu chote kila mzunguko, la sivyo hesabu haitoki. Mabaki yake kidogo yakiachwa ndani ya sukari huweza kuua hamira inayotarajiwa kuichachusha. Fauka ya hayo, kuna ulaghai mdogo wa lugha ambao sisi ndio tunaofaa kuwa wa kwanza kuunusa. Viowevu hivi vilisifiwa kuwa "vya kijani" kwa sababu havitoi mvuke kwenye hali ya kawaida, hivyo havichafui hewa wala havimdhuru mfanyakazi kwa kuvuta pumzi. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kisichonuka si lazima kiwe hakidhuru. Baadhi ya viowevu vya jamii ya imidazoliamu, hasa vyenye mikia mirefu, ni sumu kwa samaki na kwa mimea midogo ya majini. Mtu akitaka kulivuna gugumaji la Ziwa Viktoria kwa ajili ya kiwanda cha namna hiyo kando ya ziwa, wavuvi wana haki ya kuuliza maji machafu ya kiwanda yatapita wapi, na kujibiwa kwa lugha wanayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sijui urasmi huo una faida gani kwa mvuvi ikiwa hakuna aliyejifunza kumjibu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nimelisikia kutoka kwa walimu ninaowaheshimu: kwamba mwanafunzi wa fasihi anayejitia kueleza kemia atapotosha, na kwamba ni afadhali kusubiri wanakemia wajifunze Kiswahili. Nusu ya kwanza ina uzito. Yeyote atakayeandika peke yake kuhusu asiyoyasomea atapotosha, na ndiyo maana kila aya ya kisayansi katika makala haya ilisomwa na mtu wa maabara kabla ya kuchapwa. Nusu ya pili siikubali hata kidogo. Tumesubiri tangu enzi za kamusi za kwanza za sayansi, na wanakemia wetu hawana sababu ya kuja. Mitihani yao ni ya Kiingereza, majarida yao ni ya Kiingereza, na cheo hakipandishwi kwa makala ya Kiswahili. Sisi ndio tulio na sababu.

Hata hivyo, kuna aina ya kazi tunayoifanya ambayo naiona kuwa ni kujificha. Ni ile tasnifu inayokusanya istilahi mia tatu za taaluma fulani, ikazipanga kwa mbinu za uundaji (ukopaji, utohozi, uambatishaji, na kadhalika), ikatoa asilimia za kila mbinu, ikahitimisha kwa kupendekeza utafiti zaidi. Ndani ya kurasa zote hizo huikuti hata sentensi moja ambamo istilahi imefanya kazi. Mkanganyiko wa kuyeyuka na kumumunyika hauwezi kuonekana katika orodha, kwa sababu kwenye orodha kila neno lina safu yake na maneno hayagongani. Huonekana unapolazimika kuyatia yote mawili katika sentensi moja. Istilahi ambayo haijapitia sentensi ni kama vazi ambalo halijapimwa mwilini: huenda likatosha, huenda likachanika kwapani.

Pendekezo langu kwa chama na kwa walimu wetu ni la gharama ndogo. Jarida hili litenge kurasa nne katika kila toleo. Kurasa hizo ziandikwe na jozi, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi, juu ya jambo moja tu, pasiwe na orodha ya istilahi mwishoni. Kila neno jipya lielezwe pale linapotokea au liachwe. Wahadhiri wa elimumitindo nao wakubali maandishi ya namna hiyo kama matini halali ya kuchambuliwa darasani, jinsi wanavyokubali hotuba na matangazo ya biashara. Na mwanafunzi wa shahada ya pili anayetaka kuandika tasnifu ya istilahi atakiwe kuambatisha maelezo ya kurasa kumi, kwa nathari, yanayozitumia istilahi hizo zote kwa wasomaji wasio wataalamu, kisha aeleze zipi zilimkwamisha.

Mimi mwenyewe nimekwama kwenye moja, nami nailetea wenye ujuzi. Ile hatua ya kuulainisha mmea kwa chumvi kabla vimeng'enya havijaingizwa haina jina ninaloliridhia. "Utayarishaji" ni pana mno, kwani hata kukata bua vipande ni kulitayarisha. "Kulainisha" kunaelekea kwenye ukweli lakini hakusemi kwamba ngome imebomolewa. Mzee mmoja wa Lamu aliniambia kwamba makumbi yaliyokwisha kukaa pwani muda wa kutosha husemwa "yameiva", na tangu nilisikie sijaweza kulitoa neno hilo kichwani. Bua lililotoka kwenye chumvi likiwa tayari kwa vimeng'enya, je, tuseme limeiva? Nawaachia wanaleksikografia, na ningependa kupata majibu yao, hasa ya wale watakaolikataa.